Kutengeneza vigari vya vita: Chunga hewa unayovuta

NI JUMAMOSI jioni. Meza ya kulia imetandikwa gazeti kuukuu, taa imevutwa karibu, na dirisha limefungwa kwa sababu upepo unapeperusha vipande. Vipande vyenyewe ni vya plastiki, vingine vidogo kuliko punje ya mchele. Vikiunganishwa, vitakuwa kigari cha mizinga cha jeshi la Ujerumani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Wajerumani walikiita Wespe, yaani nyigu.

Wespe halisi lilibeba mzinga wa milimita 105 juu ya mwili wa kifaru cha kale kidogo, Panzer II. Magari 676 ya aina hiyo yaliundwa kati ya mwaka 1943 na 1944, mjini Warsaw, Poland, ambayo wakati huo ilikuwa imetekwa. Yalionekana vitani huko Kursk, Urusi, Julai 1943. Gari lilikuwa na uzito wa tani 11 hivi na urefu wa karibu mita 4.8. Katika kipimo cha 1 kwa 35, ambacho ndicho wapenzi wa kazi hii hukitumia sana, linapungua hadi sentimita 14 na kuenea kiganjani.

Wanaoipenda kazi hii husema inatuliza akili, nami sina sababu ya kuwabishia. Mtu anayepanga minyororo ya kifaru pingili baada ya pingili hana nafasi ya kuwaza kodi ya nyumba. Lakini je, anavuta hewa gani kwa saa hizo tatu au nne?

Watu wengi huogopa kisu. Kweli, kile kisu kidogo chenye makali ya wembe hukata vidole, na dawa yake ni kukata ukielekeza makali mbali na mkono na kubadilisha wembe ukiwa butu. Kidonda cha kidole hata hivyo hukiona papo hapo. Madhara ya hewa huja kimya kimya.

Tuanze na gundi. Gundi ya plastiki hainati tu. Huyeyusha kingo mbili zikachanganyika, kisha kiyeyushi chake huruka na kuacha kiungo kigumu. Huko kinakorukia ni chumbani mwako. Kwa miaka mingi kiyeyushi kilichotumika sana ni tolueni, ile ile iliyomo katika gundi ya washona viatu ambayo watoto wa mitaani hapa Nairobi wamekuwa wakiivuta. Kiasi kidogo huleta kizunguzungu, maumivu ya kichwa na usingizi. Anayeivuta makusudi kwa muda mrefu huharibika ubongo, akapoteza kumbukumbu na hata mwendo wake ukayumba. Wengine mapigo ya moyo huvurugika wakafa ghafla, hata kama ni mara ya kwanza.

Uhusiano kati ya vigari na uraibu huo si wa jana. Agosti 1959, toleo la Jumapili la gazeti la Denver Post nchini Marekani liliandika kuhusu watoto waliokuwa wakivuta gundi ya aina hii. Kuna waliodai baadaye kwamba kelele za magazeti ndizo zilizoisambaza tabia hiyo, na kwa hivyo ukurasa huu hautaeleza inavyofanywa. Mwaka 1969 kampuni ya Testor ilianza kutia mafuta ya haradali katika gundi yake ili anayeivuta achomwe puani. Siku hizi kuna gundi zisizo na tolueni, mathalan zile zenye limonini inayotokana na maganda ya machungwa. Soma kibandiko kabla ya kununua. Hata hizo zinahitaji dirisha wazi.

Sasa tufike kwenye sehemu inayopendwa kuliko zote, nayo ni kukichakaza kigari. Kikitoka kwenye gundi huwa kipya mno, kama kitu cha dukani. Kuanzia Februari 1943 magari ya Ujerumani yalipakwa manjano iliyofifia, na askari wakaongeza mabaka ya kijani na hudhurungi. Fundi wa mezani huiga hayo kwa bomba dogo la kupulizia rangi. Kisha huyadonoa kwa sponji ili ionekane kana kwamba rangi imebanduka, hutiririsha rangi ya mafuta iliyozimuliwa kwa thina ili ijae kwenye mifereji, hupaka kutu kwenye bomba la moshi, na mwisho hunyunyiza unga wa rangi kwenye minyororo uwe vumbi la barabara za Urusi.

Vumbi hilo ni la kuigiza machoni tu. Kwenye mapafu ni vumbi kamili, laini kuliko unga wa sembe. Kosa la kawaida ni kulipuliza kwa mdomo lililozidi, likaruka na kurudi usoni. Tumia brashi iliyoloa kidogo, na ukimaliza pangusa meza kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia. Hali kadhalika, ukisugua vipande kwa msasa, hasa vile vya utomvu mgumu unaoitwa rezini, sugua ndani ya maji.

Na rangi za maji je? Wengi hudhani hazina neno. Zikipulizwa huwa ukungu wa matone madogo sana yanayopenya ndani kabisa ya kifua, na mwenye pumu ndiye hulipa kwanza. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa thina. Inayofaa ni ile yenye vichujio vya mkaa maalumu, pamoja na feni inayotoa hewa nje ya nyumba. Ukiona kichwa kinauma kila ukikaa mezani na kupoa ukitoka nje, usisingizie macho. Acha kazi, na hali hiyo ikizidi mwone daktari.

Jambo jingine ni moto. Thina haipatani na jiko. Vitambaa vilivyolowa rangi ya mafuta navyo vyaweza kujiwasha vyenyewe vikirundikwa. Vitandaze nje vikauke kabla ya kuvitupa.

Isitoshe, kuna mazoea yetu ya kutia kila kitu katika chupa ya soda. Tunajua yale ambayo mafuta ya taa yamewafanyia watoto kwa njia hiyo, na thina nyingi ni jamaa ya mafuta ya taa. Iache katika mkebe wake na uufungie juu. Mtoto akiinywa, usimtapishe hata kidogo, kwani ikipanda huingia mapafuni na kuleta homa mbaya ya mapafu. Mkimbize hospitalini, na uuchukue mkebe wenyewe ili daktari ausome.