Vumbi jeusi la magurudumu: Lioshe kwa maji, usilipulize

Ni Jumamosi asubuhi. Umelitoa gari nje ya geti, ndoo ya maji iko tayari na mtoto wako amekwisha kunyakua kitambaa akitaka kukusaidia. Mwili wa gari una vumbi la kawaida tu, lakini rimu za mbele zimefunikwa na unga mweusi. Unachukua kitambaa kikavu na kuanza kupangusa. Unga unapeperuka, unapiga chafya mara mbili, kisha unaendelea na kazi.

Msomaji mpendwa, hapo ndipo kosa linapoanzia. Unga huo si vumbi la barabarani. Unatoka katika breki zako, na haufai kuingia katika mapafu yako wala ya mtoto huyo.

Kila unapokanyaga breki, pedi huibana diski ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Msuguano huo huzaa joto kali na kuzisaga pedi na diski kidogo kidogo. Breki za mbele ndizo hubeba mzigo mkubwa zaidi wa kulisimamisha gari, na ndiyo sababu rimu za mbele huwa nyeusi kuliko za nyuma. Anayeteremka kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu, au anayekwama katika msongamano wa Jogoo Road akikanyaga breki kila baada ya hatua chache, hukusanya unga huo kwa wingi.

Ndani yake mna chembe za chuma, kaboni na mara nyingi shaba na madini mengine. Nyingi ni ndogo kuliko sehemu moja ya mia ya milimita. Pua haiwezi kuzizuia zote, hivyo baadhi hufika mapafuni na zinaweza kumchokoza zaidi mtu mwenye pumu.

Hatari ya asbesto

Hata hivyo, hofu kubwa zaidi ni asbesto. Kwa miaka mingi madini haya yalitiwa katika pedi za breki kwa sababu yanastahimili joto. Nyuzi zake zikivutwa na pumzi hukwama mapafuni na mwili hushindwa kuziondoa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema kuwa aina zote za asbesto husababisha saratani. Pia huleta makovu katika mapafu, hata mgonjwa akashindwa kupumua vizuri. Jambo la kusikitisha ni kwamba maradhi haya hujitokeza polepole, mara nyingi baada ya miaka 20 au zaidi. Anayevuta sigara na kuvuta vumbi la asbesto hujiongezea sana hatari ya saratani ya mapafu.

Nchi za Muungano wa Ulaya zilipiga marufuku asbesto kufikia mwaka 2005. Marekani ilipitisha mwaka 2024 kanuni ya kukomesha aina iliyokuwa bado ikitumika humo, zikiwemo sehemu za breki. Pedi nyingi za kisasa hazina madini hayo. Lakini je, unajua pedi za gari lako kuukuu zilitengenezwa wapi na kwa nini? Kwa macho huwezi kutambua. Basi ni busara kulichukulia kila vumbi la breki kuwa la hatari.

Kwa fundi

Anayeumia zaidi si mwenye gari bali ni fundi. Ukipeleka gari gereji, huenda umewahi kuona gurudumu likifunguliwa, kisha kijana anashika mpira wa kompresa na kupuliza vumbi lote kwa upepo. Wingu jeusi linatanda na kila aliye karibu analivuta. Breki za drami ni mbaya zaidi kwa sababu vumbi hukusanyika ndani hadi siku ya kufunguliwa.

Mwombe fundi wako aloweshe breki kwa maji yenye sabuni kabla ya kugusa chochote, kisha apanguse kwa kitambaa kibichi na kukitupa ndani ya mfuko uliofungwa. Asipulize, wala asifagie pakiwa pakavu. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii nyuzi za asbesto. Aidha, asirudi nyumbani na ovaroli ya kazi. Wapo wake wa wafanyakazi wa asbesto waliougua kwa kufua tu nguo za waume zao.

Jinsi ya kuosha

Nyumbani, kazi ni rahisi ukifuata utaratibu huu:

Kwanza, ngoja magurudumu yapoe. Maji baridi juu ya diski yenye moto yanaweza kuipinda.

Pili, vaa glavu za mpira na umweke mtoto mbali. Mpe kazi ya kuosha vioo.

Tatu, mwagia rimu maji mengi kabla ya kuigusa. Kisha tumia sabuni ya kuoshea gari na brashi laini, gurudumu moja baada ya jingine. Tenga ndoo ya magurudumu peke yake, kwani chembe hizo hukwaruza rangi ya gari.

Nne, suuza na ukaushe kwa kitambaa. Maji machafu yasielekee kwenye bustani yako ya sukuma wiki. Nawa mikono kabla ya kula.

Jihadhari na dawa za rimu zenye asidi. Zile zenye asidi ya haidrofloriki hupenya ngozi, na maumivu yanaweza kuchelewa huku ndani mwili ukiungua. Dawa ikikumwagikia, osha mara moja kwa maji mengi na uende hospitali.

Ili kuzilinda rimu, zipake nta ya gari zikiwa safi na kavu. Chembe za chuma zikiachwa hushika kutu na kula rangi, lakini juu ya nta hutoka kwa maji na sabuni tu. Nta isiguse diski, maana breki zitateleza. Ukimaliza, endesha polepole na ukanyage breki mara chache ili zikauke.

Ukiona gurudumu moja linachafuka kuliko mwenzake wa upande wa pili, huenda breki imekwama. Mwone fundi mapema.

Na wewe fundi unayesoma ukurasa huu, ukiwa na kikohozi kisichokwisha au pumzi zinazokatika, nenda hospitali na umweleze daktari kazi unayoifanya na tangu lini. Asipojua hilo, huenda asifikirie vumbi hilo. Ndoo ya maji na sabuni ni bei nafuu mno ukilinganisha na mapafu yako.