Gogo na Peleti: Moto wa Aina Mbili katika Baridi ya Maine

Saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa kwanza. Kipimajoto kilichopigiliwa nje ya dirisha kinasoma nyuzi 20 chini ya sifuri. Ndani ya nyumba ya mbao pembeni mwa mji mdogo wa Maine, jimbo la pembe ya kaskazini-mashariki mwa Marekani, mtu amechutama mbele ya jiko la chuma cha kusubu. Anafungua mlango taratibu, maana ukiufungua kwa pupa moshi unakurukia usoni. Anachokora majivu mpaka makaa ya jana usiku yanajitokeza, bado mekundu. Anaweka vijiti viwili vyembamba, juu yake kipande cha mwaloni, anaachia tundu la hewa, anasubiri huku amekumbatia magoti. Baada ya dakika chache moto unaunguruma.

Nyumba ya pili, barabara hiyohiyo, hakuna aliyeamka. Thamostati ya ukutani imehisi kwamba joto limeshuka. Parafujo iliyo ndani ya jiko inaanza kuzunguka, na vipande vidogo vya mbao, vinene kama penseli na vifupi kama ncha ya kidole, vinadondoka katika chungu cha chuma kwa mlio kama wa choroko zinazomwagwa sufuriani. Kiwashio cha umeme kinaiva, feni inapuliza, moto unashika. Mwenye nyumba bado anakoroma.

Majiko yote mawili yanachoma mti uleule. Kinachotofautiana ni nani anafanya kazi, anaifanya lini, na mambo yakiharibika anamtegemea nani.

Maine ni nchi ya miti. Karibu asilimia 90 ya ardhi yake ni msitu, na hakuna jimbo la Marekani linaloishinda kwa hilo. Ajabu ni kwamba takriban nusu ya nyumba zake hupashwa joto kwa mafuta yanayoletwa kwa malori na kumiminwa katika matangi ya chini ya nyumba. Mwaka 1973, nchi za Kiarabu zilipozuia mafuta yao, Wamarekani wengi walirudia majiko ya kuni ambayo wazee wao waliyaacha yashike kutu. Lakini si kila mtu alikuwa na nguvu au muda wa kupasua magogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Jerry Whitfield, mhandisi wa ndege katika jimbo la Washington, alibuni jiko la nyumbani linalojilisha lenyewe kwa peleti. Maine ililipokea kwa sababu yake pia: viwanda vya karatasi vilivyokuwa vikimeza miti ya jimbo hilo vimefungwa kimoja baada ya kingine, kikiwemo cha Bucksport mwaka 2014, na mashine za kupasua mbao zilihitaji mnunuzi mwingine wa mabaki yao.

Mabaki hayo ndiyo peleti. Seremala yeyote anajua vumbi la mbao linavyojaa chini ya msumeno. Kiwandani vumbi hilo hukaushwa, husagwa, kisha husukumwa kwa nguvu kubwa kupitia matundu ya chuma. Joto la msuguano hulainisha lignini, ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti, nayo ikipoa peleti inakaza bila kutiwa gundi ya dukani. Iliyotengenezwa vizuri hung'aa kidogo, na ukiivunja kwa vidole hulia. Adui yake ni maji: idondoshe katika glasi ya maji uione ikivimba, ikipasuka na kurudia kuwa vumbi kama lilivyotoka chini ya msumeno. Mfuko mmoja uliovujiwa na paa la gereji ni hasara tupu.

Na kwa kweli, ubishi wote wa kuni na peleti ukiuchambua utakuta ni ubishi wa maji. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Ukiutia jikoni hivyo, moto utatumia nguvu zake kuyachemsha kwanza, kabla haujamjali aliyekaa mbele yake. Tuhesabu kwa uniti, yaani kilowati-saa, zilezile za umeme wa LUKU wa Tanzania. Kilo moja ya kuni mbichi hutoa uniti 2 na kitu. Kilo ya kuni kavu, ambayo maji yake hayazidi asilimia 20, hukaribia uniti 4. Kilo ya peleti, ambayo kwa daraja la juu la Ulaya hairuhusiwi kuzidi asilimia 10 ya maji, hufika 4.8 hivi. Lita moja ya mafuta ya kupashia nyumba ina kama uniti 10, kwa hiyo kilo mbili za peleti hukaa mahali pa lita moja ya mafuta.

Mnunuzi wa peleti anaikuta kazi ya kukausha imeshafanywa kiwandani. Wa kuni anaifanya mwenyewe, au anamwamini muuzaji, na hapo ndipo wengi huumia. Maneno kwamba kuni "zimekauka" ni rahisi kutamka. Mzoefu haangalii maneno. Anaokota vipande viwili na kuvigonganisha. Kavu hulia ko! kama marimba, mbichi hulia kwa sauti nzito iliyozibwa. Anatazama ncha kama zina nyufa zilizosambaa kutoka katikati. Mwenye kipima unyevu hupasua kwanza kipande kimoja, kisha huchomeka pini mbili za chombo hicho kwenye uso mpya uliofunguka, kwa sababu ganda la nje hukauka mapema na kudanganya. Mti wa mepo (maple) ukipasuliwa mapema unaweza kuwa tayari baada ya kiangazi kimoja. Mwaloni unataka viwili.

Asiyesubiri hulipia katika dohani. Moshi wa kuni mbichi hupanda ukiwa umepoa na umejaa mvuke, na hugandisha kwenye kuta za bomba uchafu mweusi kama lami uitwao kreosoti. Safu ikinenepa, siku moja cheche inaifikia, na dohani yenyewe inawaka kwa mngurumo wa kutisha. Ndiyo sababu bomba la jiko la kuni husafishwa walau mara moja kwa mwaka, nazo sheria za ujenzi hulitaka lipande walau futi 3 juu ya paa. Jiko la peleti halidai dohani ndefu hivyo. Moshi wake ni mchache na umepoa kiasi, feni huusukuma nje kupitia bomba jembamba linalotobolewa ukutani. Kwa nyumba isiyo na dohani, hapo peleti imeshaokoa fedha nyingi.

Kuni zina wapenzi wa aina ambayo peleti haitawapata kamwe. Huko Norway, mwandishi Lars Mytting alichapisha mwaka 2011 kitabu kizima kuhusu kukata, kupanga na kukausha kuni, kikauzwa kama maandazi ya moto. Februari 2013 televisheni ya taifa ilirusha kipindi cha takriban saa 12 juu ya habari hizo, sehemu kubwa ikiwa ni moto tu unaowaka, laivu. Watazamaji waliandika kulalamika. Nusu yao walikasirika kwamba kuni zilipangwa magome yakiangalia juu, na nusu kwamba yaliangalia chini.

Mapenzi hayo yanahitaji mgongo imara. Maine huuza kuni kwa kordi, yaani rundo la urefu wa futi 8, upana wa futi 4 na kimo cha futi 4, sawa na mita za ujazo 3.6. Kordi moja ya mepo kavu inaweza kufika uzito wa tani moja na nusu, na nyumba isiyo na chanzo kingine cha joto inaweza kumaliza kordi tano kabla theluji haijaondoka. Kila kipande hupita mikononi mara tano au sita: kinakatwa, kinapasuliwa, kinapangwa, kinasogezwa barazani, kinaingizwa ndani, kinatiwa motoni.

Wauzaji wa peleti hupenda kuonyesha picha ya mtu aliyekaa na rimoti mkononi. Wanasahau mfuko. Peleti za Marekani huja kwa mifuko ya ratili 40, yaani kilo 18, na tani yao ni mifuko 50. Nyumba inayotumia tani nne ina mifuko 200 ya kubeba kutoka gereji, na kila mmoja lazima uinuliwe hadi kifuani ndipo umiminwe tangini. Bibi wa miaka 75 mwenye magoti mabovu pengine ataona heri kigogo kimoja kimoja. Kisha kuna usafi. Chungu cha moto hukwanguliwa mara kwa mara, kioo hufutwa, majivu hufyonzwa katika mifereji ya ndani. Parafujo, feni na kiwashio ni vitu vinavyochakaa, na huwa haviharibiki wakati wa kiangazi.

Yote hayo yangekuwa madogo kama si waya ule unaochomekwa ukutani.

Kati ya tarehe 5 na 9 Januari 1998, mvua ilinyesha juu ya Maine, Quebec ya Kanada na majimbo ya jirani, na kila tone liliganda pale lilipogusa. Matawi yalivikwa barafu mpaka yakakatika, nguzo zikaanguka, nyaya zikalala barabarani. Zaidi ya nusu ya watu wa Maine walikosa umeme, na baadhi ya sehemu zilikaa gizani kwa zaidi ya wiki mbili. Jiko la peleti bila umeme ni sanduku la chuma lililojaa chakula lisichoweza kumeza. Jiko la kuni halikujua hata kama kuna dhoruba: liliendelea kupasha chumba, na juu yake birika likachemka na maharage yakaiva. Siku hizi wenye peleti hununua betri ya akiba au jenereta. Matumizi si makubwa, kiasi cha wati 300 hadi 400 wakati wa kuwasha, kisha hushuka hadi kama 100. Lakini betri ya kubeba wiki mbili za usiku wa Maine si ndogo.

Kwenye moshi, peleti inashinda wazi. Majiko ya kuni ya zamani hutoa gramu 15 hadi 30 za chembechembe kwa saa. Mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, iliweka kikomo cha kwanza mwaka 1988, na tangu 2020 jiko jipya haliruhusiwi kuuzwa likivuka gramu 2 kwa saa, au 2.5 likipimwa kwa kuni za kawaida za nyumbani. Yapo majiko ya kuni yanayofikia kiwango hicho, ila yanafikia mikononi mwa mtaalamu wa maabara. Nyumbani, mtu akitia kuni mbichi na kuziba hewa ili gogo lidumu hadi asubuhi, jiko la kisasa hugeuka la babu yake. Katika jiko la peleti chakula na hewa hupimwa na mashine, na mashine haisinzii.

Mji wa Libby, Montana, uko bondeni, na wakati wa baridi hewa ya joto iliyo juu huufunika kama kifuniko cha chungu. Kati ya 2005 na 2007 zaidi ya majiko 1,100 ya kuni ya zamani yalibadilishwa au kuondolewa, na chembechembe hewani wakati wa baridi zikapungua kwa takriban asilimia 30. Bonde la mto Po kaskazini mwa Italia lina shida kama hiyo. Mkoa wa Lombardia hupima majiko kwa nyota, na tangu 2020 hauruhusu kufunga jipya lenye chini ya nyota nne, liwe la kuni au la peleti.

Waitaliano haohao walijifunza jambo jingine mwaka 2022. Vita vya Ukraine vilipozuka na Umoja wa Ulaya ukafunga mlango kwa peleti za Urusi na Belarus, mfuko wa kilo 15 uliokuwa ukiuzwa kwa kama euro 5 ulipita 10. Serikali ilishusha kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 22 hadi 10 kwa mwaka 2023. Ujerumani tani moja ilivuka euro 700. Mtu aliyekimbia bei ya mafuta alijikuta anafukuzwa na bei ya peleti. Mwenye shoka na kipande cha msitu hakuguswa sana.

Miji ya Portland na Lewiston, hukohuko Maine, ina Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wengi, na Kiswahili husikika madukani. Wengi wamekulia karibu na moto. Mkaa, au makala kama wasemavyo Wakongo, wanaujua vizuri. Umeme ukikatika usiku wa baridi, wazo la kuingiza jiko la mkaa chumbani huja lenyewe. Huko ni kifo. Nyumba za Maine zimezibwa kila ufa ili joto lisitoke, na kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, nayo haitoki. Jiko la kuni au la peleti lina bomba la kuitoa nje. Jiko la mkaa halina. Chochote kinachochomwa ndani, king'ora cha kaboni monoksidi hakina mbadala.

Wenyeji wengi waliokaa muda mrefu hawachagui upande. Sebuleni kuna jiko la peleti la siku za kazi, na chini ya nyumba lile la chuma la zamani, na kordi moja kavu isiyoguswa mpaka nguzo zianguke. Theluji ikiyeyuka mwezi wa nne, mwenye peleti anapiga simu kuagiza mapema, kabla bei haijapanda msimu wa majani kudondoka. Jirani yake ameshatoka na shoka. Mwaloni anaoupasua leo hautaingia jikoni majira ya baridi yajayo, bali yale yatakayofuata.