Ute Mweupe juu ya Miti Mipya ya Bwawani

Ewe mfugaji wa samaki, ikiwa umesimika mianzi au umezamisha matawi makavu katika bwawa lako la perege, huenda baada ya siku chache ukaona juu yake utando mweupe au wa kijivu, wenye utelezi kama ute wa bamia. Wako watu ambao wakiuona hudhani maji yameingiwa na maradhi, nao hufungua bwawa au kumwaga chokaa nyingi, wakapoteza samaki wa miezi mitano kwa sababu ya kitu kisichodhuru. Usifanye hivyo.

Sababu yake ni hii. Mti mpya una sukari na wanga ndani yake, navyo hutoka kidogo kidogo na kuingia majini. Vijidudu na kuvu, ambavyo havikosekani katika bwawa lolote, huvila na kuongezeka mpaka vikaonekana kwa macho. Chakula hicho kikiisha, ute nao hutoweka, kwa kawaida baada ya wiki chache, na mahali pake huota mwani wa kijani. Konokono na perege hula vyote viwili. Tena wavuvi wa Benin, katika Afrika ya Magharibi, walikuwa wakichomeka matawi kwa makusudi katika maji ya kina kifupi, ili samaki wakusanyike hapo kujificha na kula. Waweza kuusugua ute kwa kumbi la nazi, lakini utarudi. Kuchemsha gogo ni kujisumbua bure. Na maji yakigeuka rangi kama chai nyepesi, hiyo ni rangi ya mti tu.

Lakini matawi mabichi yenye majani mengi ni jambo jingine. Yakioza humaliza hewa iliyomo majini, na alfajiri utawaona samaki wamekuja juu wakitweta. Hapo yaopoe upesi, ukaingize maji mapya. Mnyaa na utupa usivitie kabisa, kwani ni sumu iliyotumiwa tangu zamani kuvulia samaki. Tena ukiona nyuzi nyeupe kama pamba juu ya mwili wa samaki mwenyewe, hasa penye jeraha, huo si ute wa mti bali ni ugonjwa: mtenge samaki huyo, ukamwite afisa wa uvuvi.

Miti mingine utakayotaka kuzamisha, iloweke kwanza katika pipa kwa muda wa wiki mbili, ukibadili maji kila yanapogeuka rangi. Ute utakaoota baadaye utakuwa haba.