Kilimia: kalenda ya mfanyabiashara pande zote mbili za mpaka

KASESE – Mfanyabiashara anayevuka kutoka Mpondwe, Uganda, kwenda Kasindi, Kongo, hurudisha saa yake nyuma kwa saa moja. Nyota hazirudishwi. Zinazoonekana Bwera ndizo zinazoonekana Beni, na anayezijua ana kalenda inayotumika pande zote mbili.

Ya kwanza kujifunza ni Kilimia, kishada cha nyota ndogo sita au saba zilizosongamana. Jina hilo latokana na kulima. Hata Wazulu wa Afrika Kusini hukiita isiLimela, kwa asili hiyo hiyo. Mwezi wa Desemba, saa 2 usiku, kitafute upande wa mashariki. Ifikapo Aprili, saa hiyo hiyo kimeshuka magharibi, na aliye mjini Kasese hukiona kikielekea Milima ya Rwenzori. Katikati ya Mei hakionekani kabisa. Mwishoni mwa Juni huonekana tena mashariki, kabla ya mapambazuko.

Watu wa pwani wana methali: kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Kasese nako mvua za kwanza hunyesha kati ya Machi na Mei, kisha hufuata ukavu wa Juni na Julai. Anayenunua mahindi na maharage anajua hasara ya kukosea mwezi: barabara ni tope na nafaka haijakauka.

Baada ya Kilimia, tafuta nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja. Huo ni mkanda wa Jabari, mwindaji. Wagiriki wa kale walisimulia kuwa aliuawa na nge, kisha wote wawili wakawekwa angani mbali mbali wasikutane. Ndiyo maana jioni za Juni, kundi la Nge likiwa limepanda mashariki na nyota yake nyekundu, Jabari hayupo. Ikweta inapita Kikorongo, wilayani Kasese. Mkanda huo huchomoza karibu mashariki kamili na kutua karibu magharibi kamili. Kusini huonyeshwa na Salibu, nyota nne za umbo la msalaba, zinazosimama wima usiku wa Mei.

Lakini nyota hazipimi mvua. Mto Nyamwamba ulifurika na kuharibu mali Mei 2013, na tena Mei 2020. Kilimia kilizama miaka hiyo kama kinavyozama kila mwaka. Kinataja msimu tu. Wingi wa maji hakiujui. Kabla ya kupakia gari, sikiliza pia utabiri wa hali ya hewa redioni.

Kujifunza hakuhitaji chombo. Chagua saa moja na mahali pamoja pa kutazamia. Kila siku nyota huchomoza mapema kwa takriban dakika 4, yaani saa 2 kwa mwezi. Baada ya misimu miwili utaijua kalenda hiyo kwa macho.