Mafuta Yamo, Lakini Hayafiki: Mlio wa Juu ya Injini na Lugha ya Fundi katika Kasongo na Kabambare

1.0 Utangulizi

Wataalamu wa Kiswahili wamezoea kuitazama Kasongo kwa jicho la historia. Kasongo ya kale, katika Maniema ya Kusini, ilikuwa makao ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, na ilitekwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo mwaka 1893. Kabambare, iliyo mashariki yake, ilikuwa kituo cha misafara iliyotoka Ziwa Tanganyika kuelekea mto Lualaba. Misafara hiyo ndiyo iliyochangia kukieneza Kiswahili ambacho baadaye kiliitwa Kingwana. Siku hizi njia za udongo za eneo hilo hupitiwa na pikipiki, malori na magari makuukuu, na lugha hiyohiyo ndiyo inayotumika kuuliza injini inaumwa wapi.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kuutambua mlio unaotoka sehemu ya juu ya injini kwa sababu ya kukosa mafuta. Hoja yake ni kwamba utambuzi huo unategemea tofauti moja ambayo ni ya ufundi na ya lugha kwa pamoja: mafuta kuwamo katika injini ni jambo moja, na mafuta kufika yanapotakiwa ni jambo jingine.

2.0 Neno “mafuta” na utata wake

Katika Maniema, nchi ya michikichi, mafuta ni kwanza mawese ya kupikia. Barabarani neno hilo huweza kumaanisha kinachochomwa na injini, na pia kinachoilainisha. Ni kweli kwamba Kiswahili cha Kongo kina maneno esansi na mazutu, yaliyotoka katika Kifaransa, na kwamba gereji za Tanzania na Kenya hutenga petroli, dizeli na oili. Hata hivyo, dereva anayesema “mafuta yamepungua” bado hajaeleweka. Ikiwa kilichopungua ni esansi, gari litazimika tu. Ikiwa ni oili, gari litaendelea kwenda huku likijiua. Kwa sababu hiyo, kuanzia hapa neno oili litatumika kwa mafuta ya kulainisha.

Utata wa pili umo katika kitenzi. Kiswahili sanifu hutofautisha yapo, yako na yamo. Katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo, umbo “iko” hubeba kazi hizo zote, nalo “ku” au “mu” lifuatalo ndilo linaloonyesha mahali. Basi fundi akijibiwa “mafuta iko” pasipo kutajiwa mahali, amepewa nusu ya jibu. “Iko mu sampu” na “inafika ku yulu” ni habari mbili tofauti. Lahaja hii haina upungufu wa kuzieleza. Kinachohitajika ni kuikamilisha sentensi.

3.0 Safari ya oili

Oili hukaa katika sampu, yaani bakuli lililo chini ya injini. Pampu huivuta kupitia chujio, huisukuma katika filta, kisha katika beringi za krankishafti. Katika injini nyingi za zamani, sehemu inayofikiwa mwisho ni kichwa cha injini, penye roka na vali, na mara nyingi kemshafti pia. Kwa kuwa huko ndiko mwisho wa njia, ndiko njaa huanza kuonekana. Msukumo ukipungua, roka na tapeti hulia kabla ya sehemu za chini kulalamika. Kwa hiyo, mlio wa juu unaweza kuwa onyo la mapema kuhusu ugonjwa ulioko chini.

4.0 Kuusikiliza mlio

Kiswahili kina vitenzi vya kutosha kwa kazi hii: injini huweza kugonga, kugota, kukwaruza, kuvuma au kunguruma. Mlio wa vali ni mwepesi na mkali, kama wa cherehani. Mlio wa beringi za chini ni mzito, kama nyundo iliyofungwa kitambaa.

Kipimo cha pili ni kasi. Katika injini ya mapigo manne, kemshafti huzunguka mara moja kila krankishafti inapozunguka mara mbili. Injini ikizunguka mara 800 kwa dakika, vali moja hugonga mara 400 tu, ilhali beringi ya chini iliyolegea hufuata mizunguko yote 800.

Tatu, fundi huweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya kifuniko cha vali, na mpini wake sikioni, ili ajue mlio unatoka wapi. Nne, katika injini ya petroli, waya wa plagi huondolewa kwenye silinda moja baada ya nyingine, kila mara injini ikiwa imezimwa kwanza. Mlio wa beringi ya pistoni hupungua silinda husika inapoacha kuwaka. Mlio wa vali kwa kawaida haubadiliki.

5.0 Kutofautisha kiasi, msukumo na njia

Hatua ya kwanza ni kupima kiasi kwa kijiti, gari likiwa mahali tambarare na injini ikiwa imezimwa kwa dakika chache. Oili yenye rangi ya maziwa ina maji. Inayonuka petroli imekuwa nyepesi kupita kiasi.

Hatua ya pili ni msukumo. Taa nyekundu ya oili si shahidi wa kutosha, kwani mara nyingi huzimika msukumo ukifikia takribani 0.3 hadi 0.5 ya baa. Kiasi hicho huweza kuizima taa bila kukilisha kichwa cha injini. Njia ya hakika ni kuifungua swichi ya taa hiyo na kufunga geji mahali pake. Kanuni ya jumla ya mafundi ni takribani baa 0.7 kwa kila mizunguko 1,000, injini ikiwa imepata moto. Lakini kitabu cha gari husika ndicho kinachoamua.

Hatua ya tatu ni njia. Kifuniko cha vali huondolewa na injini huwashwa kwa muda mfupi, ikizunguka polepole. Geji ikionyesha msukumo mzuri huku roka zikiwa kavu, njia ya kupanda juu imeziba, au gasketi isiyofaa imeikinga. Msukumo ukiwa mdogo kote, sampu ifunguliwe: huenda chujio limezibwa na tope jeusi la oili iliyochakaa, pampu imelika, au beringi zimepanuka. Roka zikiwa zimelowa vizuri na geji ikiwa sawa, ndipo nafasi ya vali ipimwe na kurekebishwa.

Mpangilio huu una maana kubwa. Anayeanza kwa kukaza vali huweza kuunyamazisha mlio na kuiacha njaa ikiendelea. Vivyo hivyo, oili nzito mno hupunguza kelele kwa siku chache, nayo huchelewa zaidi kupanda juu asubuhi injini ikiwa baridi.

6.0 Hitimisho

Dereva aliyesimama kati ya Kasongo na Kabambare hana geji. Ana kijiti, sikio na maneno yake, pengine akiyapeleka kwa simu kwa fundi aliye mbali. Akisema tu kwamba “gari inalia na mafuta iko”, huenda akashauriwa aendelee. Akisema kwamba oili imo katika sampu, mlio uko juu, na haukutoweka injini ilipopata moto, fundi atakuwa na sababu ya kumwambia azime injini na atafute wa kumvuta. Tofauti kati ya taarifa hizo mbili huweza kuwa krankishafti nzima. Wanafunzi wa isimu watakaokusanya istilahi za gereji katika eneo hilo wasitosheke, basi, na majina ya vipuri. Wachunguze pia vitenzi na vionyeshi vya mahali, kwani ndivyo vinavyobeba habari ambayo fundi huihitaji kwanza.