Urithi wa sifa katika irisi chotara

Irisi chotara za bustani ni mimea iliyopatikana kwa kuchanganya spishi mbalimbali za jenasi Iris, hasa zile zenye "ndevu", yaani manyoya mafupi katikati ya sepali. Ua lina petali tatu zinazosimama wima na sepali tatu zinazoning'inia. Sehemu hizo hutazamwa kila moja peke yake, kwani rangi zake zaweza kurithiwa tofauti.

Irisi ndefu za zamani zilitokana hasa na Iris pallida na Iris variegata, zenye kromosomu 24 kila moja. Mwishoni mwa karne ya 19 Michael Foster, profesa wa fiziolojia huko Cambridge, Uingereza, alianza kutumia irisi kubwa kutoka Mashariki ya Karibu. Baadaye ilifahamika kwamba zina seti nne za kromosomu badala ya mbili, na leo karibu irisi zote ndefu zenye ndevu zina kromosomu 48.

Hapo ndipo hesabu ya Mendel ya mmoja kati ya wanne inapokwama. Irisi yenye jeni tawala mbili na jeni fiche mbili ikijichavusha, hutoa kwa wastani mche mmoja tu kati ya 36 wenye sifa fiche. Anayeotesha miche kumi na kutangaza kwamba sifa haimo amehukumu mapema mno. Mtindo wa plicata, wenye nukta na mistari ya zambarau ukingoni, ni fiche. Vivyo hivyo waridi inayotokana na likopeni, kemikali ileile ya nyanya.

Si kila kitu ni fiche. Paul Cook wa Indiana, Marekani, alipata kutoka Iris reichenbachii uwezo wa kuondoa anthosianini, rangi ya zambarau na buluu, katika petali za juu, nao ni tawala. Irisi yake 'Whole Cloth', nyeupe juu na buluu chini, ilipewa Medali ya Dykes mwaka 1962.

Kwa macho pekee mtu hudanganyika. Irisi nyeupe yaweza kuwa na jeni tawala inayozuia anthosianini, au kuwa nyeupe kwa jeni fiche. Huchavushwa na irisi ya zambarau isiyo na asili ya weupe: ikiwa ni fiche, watoto huwa wa zambarau, ikiwa ni tawala, wengi huwa weupe.