Mzaha Wenye Kumbukumbu: Jinsi ya Kusoma Hadithi za Kuchekesha za Anga

Sote tuliolelewa Pwani twamjua Abunuwasi. Ameazima sufuria kwa jirani, akairudisha na kisufuria ndani yake, akasema sufuria imezaa. Jirani akafurahi, akapokea. Alipoazima tena, akaja kusema sufuria imekufa. Twacheka. Kesho twasimuliwa kisa chengine, na Abunuwasi ni yule yule: hajazeeka, hadaiwi na mtu, wala jirani hakumbuki kwamba jana alichezewa shere. Waweza kuanza na kisa chochote na kumaliza na chochote, usikose kitu.

Tatizo ni kwamba wengi wetu huzisoma kwa mazoea hayo hayo riwaya za kuchekesha za sayansi ya kubuni, zile za vyombo vya angani na roboti. Mtu hupata kitabu cha tatu cha mfululizo, akasoma kurasa kumi, akakitupa akisema ni upuuzi mtupu. Kumbe alichokikosa ni vitabu viwili vya kwanza.

Tuchukue mfano unaojulikana zaidi, The Hitchhiker's Guide to the Galaxy wa Mwingereza Douglas Adams. Ulianza kama mchezo wa redio ya BBC mwezi wa Machi 1978. Kitabu cha kwanza kikatoka 1979, na cha tano, ambacho ndicho cha mwisho kuandikwa na Adams mwenyewe, kikatoka 1992. Alifariki 2001 akiwa na miaka 49.

Kisa chaanza hivi. Arthur Dent, mtu wa kawaida kabisa, aamka asubuhi na kukuta tingatinga nje. Nyumba yake yabomolewa ipite barabara. Aambiwa mipango ilikuwa wazi kwa kila mtu kuiona, kumbe iliwekwa ndani ya kabati lililofungwa, chini ya jengo, mahali pasipofika mtu. Kabla hajamaliza kubishana, dunia nzima yavunjwa na viumbe wa angani ili wapitishe njia yao. Nao wasema vile vile: mipango ilitundikwa, kosa ni lenu hamkwenda kuitazama. Msomaji wa Pwani aliyewahi kusikia kuhusu notisi ya kuhama baada ya tingatinga kufika hahitaji kufafanuliwa mzaha huo.

Katika kitabu hicho cha kwanza, wahusika wapo kwa ajili ya mzaha. Arthur azunguka angani na joho lake la kulalia, akitafuta chai. Rafiki yake Ford ndiye mjuzi wa kila sayari. Zaphod ana vichwa viwili na mikono mitatu, na ameiba chombo kipya. Roboti Marvin ana akili kubwa ajabu, lakini kazi apewazo ni za kufungua milango na kusindikiza wageni, basi hanung'uniki kidogo. Kila mmoja ana tabia moja, na tabia hiyo ndiyo yatuchekesha. Si ajabu, kwa kuwa mchezo wa redio una dakika chache, na msikilizaji ni lazima amtambue mtu kwa sauti na kituko chake.

Lakini tofauti na jirani wa Abunuwasi, watu hawa wanakumbuka. Kitabu cha pili hakiirudishi dunia ya Arthur mahali pake. Katika cha tatu ajifunza kuruka hewani, kwa kuanguka na kusahau kufika chini. Katika cha nne apenda kwa dhati. Katika cha tano, mpenzi huyo amempotea, naye aishia katika kijiji cha sayari ya mbali akitengeneza sandwichi, na wanakijiji wamheshimu kwa ufundi huo. Hapo ndipo aletewa binti ambaye hakujua kuwa anaye, msichana mwenye hasira kwa sababu hana pa kupaita kwao. Yule aliyetuchekesha kwa kutafuta chai sasa ni baba asiyejua aanzie wapi.

Trillian naye, ambaye mwanzo hana mengi ya kufanya, awa mwandishi wa habari mwenye safari zisizokwisha, na ndiye mama aliyemleta binti huyo. Marvin, baada ya vitabu vinne vya manung'uniko, afika mwisho wake, na kwa mara ya kwanza asema amefurahi kidogo. Ukikisoma kipande hicho peke yake hakikugusi. Ukiwa umemcheka tangu mwanzo, koo hukukaba.

Si kila mhusika hukua. Zaphod habadiliki sana. Wala kukua si lazima kuishie kwa heri. Kitabu cha tano kina giza, na Adams mwenyewe alikiri hivyo baadaye. Wako wasomaji ambao hawajakisamehe mpaka leo. Lakini hasira yao ni ushahidi: mtu hamkasirikii mwandishi kwa ajili ya kikaragosi. Wao walikuwa wameshampenda Arthur.

Kwa hivyo ukipata mfululizo wa aina hii, anza mwanzo. Usihukumu wahusika kwa kitabu cha kwanza. Kila kitabu jiulize: huyu sasa anatafuta nini? Arthur alianza na chai, akaja kutafuta kwao.

Na kwa vijana wetu wanaoandika vichekesho vya redio na simu, somo ni hilo hilo. Mcheshi wenu akiibiwa leo, kesho na aje bila kile kilichoibiwa. Watu watacheka kama kawaida, ila mara hii watataka kujua yu hali gani.